Wanane wa Fizikia

Jumatatu, 3 Machi

Muhula umefunguliwa, na mvua nayo imefunguliwa. Kikao cha walimu kilichelewa kuanza kwa sababu Mwalimu Mkuu alikuwa akitafuta pa kuweka meza pasipovuja. Alipopata, akatupa habari aliyotoka nayo idarani: kabla ya muhula huu kwisha mkaguzi atapita, na somo lolote lenye wanafunzi pungufu ya wanane katika kidato cha mtihani litafutwa, na waliokuwa wakilisoma watahamishiwa masomo mengine yaliyopo. Alisema hayo huku akiangalia dirishani. Wenzangu wote wakaniangalia mimi.

Ninao wanane barabara. Mwalimu wa historia, ambaye wanafunzi wamembatiza Karne kwa kuwa hamalizi sentensi bila karne fulani kupita humo, aliniinamia akaninong'oneza kwamba yeye darasa lake limefurika mpaka madirishani, nikikwama atanigawia. Nilicheka na wenzangu, lakini chai ilinishinda.

Shule yetu ni ya wale ambao hawakuchaguliwa kwingine. Mtoto akifika anaambiwa achague masomo, kisha anaonyeshwa yaliyopo: historia, jiografia, utunzaji wa hesabu, sayansi kimu. Muziki ulistaafu pamoja na mwalimu wake. Kemia ilikwenda likizo ya uzazi, haikurudi. Fizikia ni mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeweka ndoo chini ya tundu la dari la maabara. Mume wangu, ambaye ni fundi rangi na ana mdomo mrefu kuliko brashi zake, anasema ndoo hiyo ndiyo kifaa kipya pekee nilichowahi kuletewa.

Jumatatu, 10 Machi

Leo ilikuwa saketi. Ameta iliyo nzima, ya kupimia mkondo wa umeme, ni moja, na hata hiyo haisomi mpaka ipigwe kofi ubavuni. Mwenye kibali cha kuipiga kofi ni Betri.

Betri ni binti wa fundi baiskeli wa pale karibu na soko. Jina hilo lilimpata kidato cha kwanza, alipokuja darasani na betri za redio alizozipasua nyumbani, mikono myeusi mpaka viwiko, akitaka nimwambie umeme ukiisha unakuwa umekwenda wapi. Wenzake walicheka, mimi nikajua nimepata mtu. Sasa mji mzima unamwita hivyo, na baba yake anaitwa Baba Betri, na wala hajali.

Leo aliuliza kwa nini taa za mtaani kwao hufifia jioni watu wakianza kupika na kupiga pasi. Nikafuta ubao nilioandaa tangu asubuhi, tukakaa na swali lake mpaka kengele. Anataka kuwa mhandisi wa umeme. Hasemi labda, hasemi nikijaliwa, anakutajia tu kama anayekutajia mtaa anaoishi. Bila fizikia kwenye cheti, hakuna chuo kitakachomsikiliza.

Ijumaa, 14 Machi

Baba Betri alikuja shuleni, kofia imelowa, akasimama mlangoni mwa maabara kama aliyekuja kuomba msamaha. Dada yake, yaani shangazi wa Betri, anaishi kwenye mji mkubwa, na kule amempatia binti nafasi kwenye shule yenye masomo yote ya sayansi. Wanamtaka mapema, kabla dirisha la kuhamisha watahiniwa halijafungwa mwisho wa Aprili. Alikuja kuniuliza naonaje.

Nilimwambia anipe siku mbili tatu nifikirie. Nilichofikiria papo hapo ni kwamba Betri akiondoka, wanabaki saba.

Jumapili, 16 Machi

Nimetoka kwa Baba Betri. Nilimkuta kibandani, baiskeli ya mtu imepinduliwa magurudumu juu, na Betri ameshika spoku anazikaza moja moja huku akilizungusha gurudumu lisiyumbe. Walinipa kiti kizuri, chenye mgongo.

Nilisema yote. Nilisema mtoto wa kike mbali na kwao ni wasiwasi. Nilisema kwa shangazi atakuwa wa kuosha vyombo kwanza na kusoma baadaye, hata shangazi awe mwema namna gani, kwa sababu nyumba za mjini zina kazi nyingi na mgeni hakosi ya kupewa. Nilisema darasa la kule lina watoto wengi, hakuna atakayemjua kwa jina, wakati hapa tuko wanane naye ndiye wa kwanza. Nilisema mimi mwenyewe nitamfikisha kwenye mtihani. Kila neno lilikuwa la kweli, na nilikuwa nimelipanga njiani.

Baba Betri alifuta mikono kwa tambara muda mrefu. Aliniambia kwamba tangu mama yake Betri afariki, nyumba hiyo ina watu wawili tu, na alishaanza kuhesabu itakavyopoa. Nikaona anataka kushawishiwa.

Akamgeukia binti yake. "Wewe unasemaje?"

Betri hakuacha gurudumu. "Mwalimu akisema nibaki, nabaki."

"Baki," nilisema.

Nilirudi nyumbani nimefurahi sana. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu, 17 Machi

Mwalimu Mkuu ameniita. Sijui habari zilimfikaje, lakini mji huu hauna kuta. Hakuniambia nikae.

"Mwache yule mtoto aende," alisema.

Nilimuuliza kama ni amri. Akasema si amri. Nikamwambia kwamba kama ana haraka ya kuigeuza maabara yangu stoo ya viti vibovu, angoje walau mkaguzi aje. Akanitazama, akasema anajua ninavyolipenda somo langu. Alilisema neno "langu" polepole. Nilitoka bila kuaga. Huyu mama hajawahi kukipenda kitu kinachohitaji waya.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua ya kutwa. Ikipiga bati la maabara hakuna sauti ya mtu inayosikika, kwa hiyo tumezoea kufundishana kwa chaki. Mimi naandika swali ubaoni. Anayejua anainuka anaandika jibu, anayebisha anainuka anafuta. Hakuna anayesema kitu, na mgeni akichungulia atadhani tumegombana.

Leo Betri aliinuka akafuta jibu langu mimi. Nilisahau ukinzani wa betri yenyewe. Darasa zima likageuka kuniangalia, nikampa chaki, akaandika jibu lililo sahihi, kisha akaandika chini yake kwa herufi ndogo: samahani Mwalimu. Kama kuna siku nitaikumbuka katika kazi hii, ni hii.

Ijumaa, 28 Machi

Nina mafua. Nimefundisha nikipiga chafya.

Jumatano, 9 Aprili

Tumebaki saba. Mtoto wa karani wa posta anahama, baba yake amehamishwa kazi na wanaondoka Jumamosi. Kijana wa watu alikuja kuniaga akiwa na haya, kana kwamba ni yeye aliyejihamisha. Nikampa rula yangu ya chuma.

Mchana nilikwenda darasa la sayansi kimu kumtafuta wa kuziba pengo. Nimempata binti mmoja mwenye hesabu nzuri, amesema atajaribu. Kwa hiyo tuko wanane tena, karibu.

Ijumaa, 11 Aprili

Mume wangu hupaka rangi nyumba za watu, anasikia mengi akiwa juu ya ngazi. Leo wakati wa kula aliniuliza kama Betri bado ana nafasi kule kwa shangazi yake. Nikasema nadhani bado. Akauliza, basi anangoja nini. Nikamweleza habari za binti wa sayansi kimu.

Akatafuna kwanza. "Wewe ungekuwa ndiye Betri, ungekuwa wapi leo?"

Anajua jibu. Nilipokuwa na umri wa Betri nilitoka mji mdogo kama huu kwenda kukaa kwa mjomba, kwa sababu kwetu fizikia haikuwepo. Mwalimu wangu wa hesabu ndiye aliyembembeleza baba. Alinisindikiza mpaka kituoni amenibebea sanduku, na wanafunzi wazuri hakuwa nao wengi.

Nilimwambia mume wangu kwamba siku hizi mambo ni tofauti. Akaniuliza tofauti yake ni ipi. Nikatoa vyombo.

Alhamisi, 17 Aprili

Wazazi wa binti wa sayansi kimu wamekataa. Wanasema hawataki mtoto afeli kwa ajili ya hesabu za watu wengine. Niliudhika sana.

Jumanne, 22 Aprili

Sita. Mmoja mwingine amehamia utunzaji wa hesabu. Alisema fizikia ni ngumu na kwamba ikifutwa atakuwa amechelewa kule. Ana akili kuliko mwalimu wake.

Leo nilipita kibandani kwa Baba Betri. Nilikuwa nimeamua kumwambia. Nilimkuta akimweleza mteja kwamba binti yake hakwenda mjini kwa sababu Mwalimu mwenyewe amemshika mkono, na Mwalimu si mtu wa kuahidi ovyo. Akanitambulisha. Mteja akanipa mkono. Nikanunua kengele ya baiskeli, na baiskeli sina.

Jumatano, 30 Aprili

Dirisha la kuhamisha watahiniwa limefungwa leo. Mvua.

Jumatatu, 5 Mei

Mkaguzi anakuja Alhamisi kuhesabu vichwa. Hapa kwetu jambo hili lina dawa yake ya zamani, nayo ni kuazimana wanafunzi. Mkaguzi akija kwa ajili ya jiografia, historia inapeleka watu. Akija kwa ajili ya historia, hakuna shida, watu ni wao. Mwaka juzi mimi mwenyewe niliazimisha wanne kwa sayansi kimu, wakasimama na aproni kama waliozaliwa nazo.

Karne amenichagulia wawili wapole wasiopenda kunyoosha mkono. Nimewafundisha kukaa mbali na dirisha na kuishika ameta kama wanaijua.

Alhamisi, 8 Mei

Mkaguzi ni mtu wa upole, na hapo ndipo tulipoumia. Mkali angehesabu vichwa aondoke. Huyu alikunja mwavuli, akavuta kiti, akasema anapenda sana fizikia, na angependa tuzungumze kidogo.

Akamwelekea mmoja wa wale wa kuazima. "Hebu kijana, kizio cha kani ni kipi?"

Kijana alisimama wima. Karne amewafundisha vizuri: usikae kimya mbele ya mgeni, toa sababu.

"Uhaba wa malighafi," alisema.

Darasa liliangua kicheko. Mkaguzi naye alicheka, hata mimi nilicheka, kicheko kile kinachokutoka bila ruhusa. Asiyecheka alikuwa Betri peke yake. Alikuwa ananitazama, na nikaona anahesabu: huyu si wetu, na yule si wetu, basi tuko sita. Sidhani kama kabla ya leo aliwahi kuhesabu. Aliniachia mimi nihesabu.

Mkaguzi aliyaona macho yake, akamgeukia. Alimuuliza swali la kwanza, la pili, la tatu, akahamia mambo ya mwaka wa mbele, na Betri alijibu yote akiwa ameinamisha kichwa. Mwishowe mkaguzi aliniuliza, bila dharau yoyote, kwa sauti ya mtu aliyeona kitu kimewekwa pasipo pake:

"Mwalimu, huyu binti anafanya nini hapa?"

Nilichukua kifutio, nikaanza kufuta ubao.

Nje, Mwalimu Mkuu alimwambia mkaguzi kwamba wale wawili ni yeye aliyeruhusu waletwe, nisilaumiwe mimi. Hakuruhusu. Alikuwa hajui hata kidogo.

Jumatatu, 12 Mei

Fizikia imefutwa.

Jumanne, 13 Mei

Jana sikuweza kuandika zaidi. Wote sita wamehamishiwa historia, mwaka wa mtihani, wakaanze na mambo ambayo wenzao wameyasoma tangu kidato cha kwanza. Kule kwa shangazi haiwezekani tena, dirisha limefungwa na nafasi imepewa mtu mwingine. Baba Betri alikwenda mwenyewe kuuliza Ijumaa, kesho yake baada ya mkaguzi, akalala huko, akarudi. Watu wanasema alipita hapa shuleni asubuhi. Kwangu hakuja.

Leo nilimwomba Mwalimu Mkuu msamaha kwa maneno yangu ya Machi. Aliniambia nikae. Akaniambia kwamba nafasi ile haikupatikana na shangazi peke yake. Shangazi alikuwa amebisha hodi akafukuzwa. Yeye, Mwalimu Mkuu, ndiye aliyempigia simu rafiki yake wa chuo anayefundisha kule, akambembeleza wiki nzima. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia siku ile. Akasema alidhani mwalimu akiambiwa mwache mtoto aende, inatosha.

Miaka yote hii nimemdharau mwanamke huyu kwa sababu hajui kuunga waya. Naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua imekata. Vumbi bado.

Jumatatu, 26 Mei

Mwalimu Mkuu ameniita tena. Idara haiwezi kumweka mwalimu wa fizikia mahali pasipo na fizikia, kwa hiyo nimehamishwa. Alinitajia shule, akaniachia nafasi ya kuelewa.

Ni ile ya mji mkubwa. Ile ya shangazi.

Nilimwambia sitakwenda. Akaniambia kwamba kule wana watoto wengi na mwalimu wao amestaafu, na kukataa kwangu hakutamrudishia Betri kitu. Kisha akanimiminia chai, na hii nayo ilinishinda.

Jumatatu, 2 Juni

Mume wangu atabaki kumalizia kazi alizochukua, atanifuata baadaye. Hajanitania hata mara moja tangu Jumatatu iliyopita. Ningependa anitanie.

Ijumaa, 6 Juni

Siku ya mwisho. Nilipita darasa la Karne. Alikuwa amewaketisha wale sita mbele, na nikamsikia akirudia jambo mara tatu kwa ajili yao, kwa subira ambayo sikujua anayo. Betri alikuwa ananakili kutoka ubaoni. Mwandiko wake ni ule ule ulionyooka. Kengele ilipolia alitoka akanisalimia kwa heshima yake yote, shikamoo Mwalimu, akachukua mkoba wangu mkononi kunisindikiza mpaka getini. Nilijaribu kumnyang'anya, hakukubali.

Nilimuuliza historia inakwendaje. Akasema si mbaya, tatizo ni kwamba ukiuliza kwa nini, jibu ni lile lililoandikwa.

"Mwalimu, wamekupeleka wapi?" aliuliza.

Ningeweza kusema mbali. Nikamtajia shule.

Uso wake haukubadilika, mkono tu ulihamisha mkoba kutoka kulia kwenda kushoto.

"Shangazi aliniambia ina maabara mbili," alisema. "Utaipenda."

Nilimwambia nimemkosea. Nilimwambia nilimzuia kwa ajili ya darasa langu, si kwa ajili yake, na kwamba nilijua, na kwamba Aprili yote nilikuwa bado naweza kusema na sikusema. Nilitaka akasirike. Alinisikiliza mpaka mwisho kama anavyosikiliza swali refu.

"Nilijua kule ni kuzuri zaidi, Mwalimu," alisema. "Nilibaki kwa sababu ni wewe uliyesema."

Akanipa mkoba, akarudi ndani, maana kipindi cha jiografia kilikuwa kimeanza. Nililia hadharani, barabarani, mwanamke mzima mwenye mkoba, na muuza magazeti akajifanya anapanga magazeti yake.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeripoti shule mpya. Makamu wa mkuu ni mtu mchangamfu, anatembea akiongea na funguo zinalia mkononi. Alinionyesha ofisi ya walimu, maktaba, kisha maabara ya kwanza, ambamo nilihesabu ameta mpaka nikaacha. Njiani kuelekea ya pili aliniuliza ninatoka mji gani hasa. Nilipomwambia, akasimama.

Alisema kuna binti wa huko waliyempa nafasi mwaka huu, walisikia ni mkali ajabu, wakamshikia nafasi mpaka siku ya mwisho, hakutokea. Baadaye alikuja baba yake, mtu mwenye mikono ya grisi, akakaa pale benchini kutwa nzima akingoja wabadilishe mawazo, na mawazo hayakuwa ya kubadilika tena.

"Wazazi wa huko kwenu wana shida gani na watoto wa kike?" aliuliza. "Kwa nini alimzuia?"

Nikamwambia baba yake hakumzuia. Aliyemzuia ni mwalimu wake.

"Mwalimu wa somo gani?"

"Fizikia."

Makamu alitikisa kichwa taratibu, akasema walimu wa namna hiyo wapo kila mahali. Nikasema wapo. Kisha akatafuta ufunguo, akanifungulia maabara ya pili.